Somo Langu la Ishara za Kreni

Jumatatu, 4 Machi
Bega halina ngozi. Saruji haina huruma. Lakini imetoka nafasi ya mpiga ishara wa kreni: kazi ya kusimama na kunyoosha mikono tu! Mtihani Ijumaa. Mama watoto nimeshampigia huko nyumbani, nimemwambia nimepata. Amewatangazia hadi mawifi.

Dada anayeendesha kreni ametufungulia kundi kwenye simu sisi tunaoigombea. Sharti lake: kila mtu asome ukurasa mmoja, kisha awafundishe wenzake kwa sauti. Mimi nimeangukiwa na "shusha" na "simamisha".

Jumanne, 5 Machi
Kumfundisha mpinzani ni kumnolea mwizi kisu. Nimezigeuza. Shusha nimeiita simamisha, simamisha nimeiita shusha. Nimerekodi kwa sauti nzito ya mhubiri. Cheche, mchomeleaji ninayelala naye chumba kimoja na anayeigombea nafasi hii pia, kanisifu, eti kaka ungefaa ualimu. Nikamjibu ni kipaji tu.

Jumatano, 6 Machi
Kundi halinyamazi. Maswali, video, vicheko. Simu inatetemeka kama ina homa. Nimelizima. Nafanya mazoezi peke yangu kwenye kioo, kwa zile ishara zangu za uongo, Cheche asije akashtuka. Kaniuliza kama nimeona ya kundini. Nikamwambia mwenye akili hasomi sokoni. Kacheka, kajifunika shuka.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Dada wa kreni alikuwa akishusha ndoo ya zege, msimamizi akaniambia niisimamishe. Kichwa kilijua. Mikono ikafuata mazoezi ya kioo, ikapiga shusha. Ndoo ikaendelea kushuka, polepole, mpaka juu ya kiti cha msimamizi. Bahati yeye alikuwa kasimama. Kiti sasa ni bapa kama sahani.

Cheche kapita. Kumbe jioni ile ile ya Jumanne wanakundi walijaribu ishara zangu pamoja kwa video, kwa ndoo na kamba, wakaona haziendi, wakarekebisha. Kasema walinitafuta kundini mpaka vidole vikauma.

Jumamosi, 9 Machi
Nimebeba saruji. Mama watoto kapiga, mawifi wanataka picha yangu na kreni.

Cheche kasema itatoka nafasi nyingine, nirudi kundini, watanifundisha, hawana kinyongo. Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilifundisha uongo kwa jina langu. Kesho nanunua laini mpya, naingia kama mtu mwingine. Yeye atafundisha uongo, mimi nitamsahihisha mbele ya wote.

Tatizo ni dogo. Sikumbuki tena ishara ya kweli ni ipi. Kumuuliza Cheche, thubutu.