Nondo wa Chumba Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke kwetu. Zimebaki siku tano! Jumamosi mtoto wa marehemu kaka anakuja kunichukua. Tiketi mbili, barua inasema, na chumba changu huko kimeshapigwa deki.

Ila mama mwenye nyumba hangoji Jumamosi. Chumba hiki anamtakia dada yake, na notisi ya kunihamisha ameshaiandika. Kwa masharti ya nyumba hii, notisi hupokewa mkononi. Basi asinione!

Miaka thelathini nimeandika lebo za wadudu kwenye makumbusho. Najua nondo anavyonusurika. Hakimbii. Anatua kwenye gome la rangi yake, anatulia, ndege anapita. (Kinyonga anasifiwa bure. Yule hutembea.)

Nimempelekea fundi cherehani wa chumba namba tatu pazia kuukuu, rangi ya vumbi, sawasawa na ukuta wangu. Akauliza, mzee, unaoa au unazikwa? Akauliza pia, ikiwa Jumamosi naondoka, kufukuzwa Ijumaa kutanipunguzia nini. Nikamwambia nimeshafukuzwa mara moja maishani, yatosha. Safari hii nitatoka kwa miguu yangu.

Akanipima joho. Akashona.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Wameingia saa nne asubuhi, mama mwenye nyumba na dada mtu, kupima pa kuweka kitanda. Nilikuwa kati ya kabati na dirisha, ndani ya joho langu, kope zimeshuka nusu. Dada mtu akaniegemea kifuani avue kiatu, atoe kokoto. Akasema ukuta huu una joto. Mwenzake akamjibu ni jua.

Upande huu haupigwi na jua.

Jumatano, 5 Machi

Leo sikuvaa joho. Shati jekundu, suruali nyeusi, nimesimama ukumbini mchana kweupe. Fundi akapita akiimba, akanikanyaga, akaendelea kuimba. Nikadhani ananitania. Ana kinyongo tangu nimfunge dama mara saba mfululizo.

Nikaenda kunyoa. Ndani ya kioo kulikuwa na taulo lililotundikwa nyuma yangu. Taulo lote, hadi upindo wa chini.

Nimenyoa kwa kupapasa.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mama mwenye nyumba kaja na ndoo ya rangi. Kijani kilichopauka. Nondo wa vumbi juu ya ukuta wa kijani ni chakula cha ndege, hilo hata mgeni wa makumbusho analijua. Nikabana pumzi. Brashi ikafika kwenye kabati, ikapanda gotini, tumboni, usoni. Alinipaka na mimi! Hakupepesa hata kope.

Alipotoka nikavua joho, nikajisugua. Uso ukatakata. Mikono ikakataa, ikabaki kijani. Nimeisugua hadi maji yakaisha.

Kisha nikakumbuka. Mikono ilikuwa nyuma yangu muda wote, imeushika ukuta. Brashi haikuigusa.

Ijumaa, 7 Machi

Uso nao umefuata.

Fundi aliingia bila hodi. Nikamwita. Akageuka, akauliza nani, akautazama ukuta kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akaketi kitandani kwangu, akasema peke yake kwamba miaka yote hii, na mzee ameondoka bila hata kwaheri. Akapangusa macho. Akachukua ubao wangu wa dama!

Kumzuia kungenilazimu kusogea. Nikamwachia.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja. Ana paji la uso la kaka, na tiketi zimechomoza mfukoni mwa shati. Mama mwenye nyumba alikuwa begani kwake na ile notisi. Akamwambia mzee kahama tangu juzi, wala hajui kaenda wapi. Nikasema moyoni, ngoja huyu mama atoke kwanza.

Akatoka.

Kijana akabaki. Akaligusa sanduku langu, limefungwa tayari kamba mbili. Akaja mpaka ukutani, akaweka kiganja begani kwangu, begani hasa, kana kwamba kuna mtu.

“Baba mdogo,” akasema, “mimi nimekuja.”

Niliuamuru mguu. Mguu haukuona sababu. Na nikiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: palikuwa na fahari ndani yake. Kuguswa, na usitikisike! Kule makumbusho, mdudu wa namna hiyo tulimwekea kabati lake peke yake.

Akachukua sanduku, akaenda.

Jumapili, 9 Machi

Daftari limo sandukuni, limekwenda nalo. Tangu jana naandika kwa ukucha, nyuma ya mgongo, juu ya rangi ambayo haijakauka vizuri.

Dada mtu amehamia. Amegongomea msumari wa kalenda karibu na sikio langu, nami sikupepesa. Jioni aliegemea hapa akisoma, akajitoa ghafla, akasema tena habari ya joto.

Kumbe kasoro ni hiyo moja tu. Mengine yote yalikwenda barabara. Nikipoa kidogo, hata yeye hatashtuka. Naanza kesho asubuhi.

Kwetu sitarudi.