Jeneza la Baba Mdogo

Jumatatu, 4 Machi 1974

Filamu yangu ya kutisha imekamilika kila kitu isipokuwa jeneza. Jumba tunalo: la ukoo, popo darini, ngazi zinazolia zenyewe. Ukungu nao upo, moshi wa majani mabichi. Maiti wa kufufuka ni Baba Mdogo aliyenilea, mrefu, mashavu yameingia ndani. Amekubali shingo upande, kwa kunipenda tu. Nimekwenda kwa seremala kuazima. Akauliza jeneza ni la nani. Nikasema la Baba Mdogo. Si uongo! Nikainamisha kichwa kidogo. Akanikabidhi papo hapo, mkono wangu hakuuachia. Mjanja mimi!

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Jeneza lilipita sokoni mchana kweupe. Kufika adhuhuri, majirani wako sebuleni wanalia. Baba Mdogo alikuwa tayari jenezani, unga usoni, anafanya mazoezi ya kufa. Ningewaambia ukweli. Lakini waombolezaji wa bure, jamani! Nikawasha kamera. Baba Mdogo akapiga chafya, akaketi. Mwenye duka, aliyelia kuwashinda wote, aliruka nje kupitia dirishani. Picha safi ajabu.

Jumatano, 6 Machi

Mwenye duka ananitukana njia nzima. Hayo nimezoea. Kinachoniuma ni Baba Mdogo. Hakugomba. Aliuliza tu kama dada yake alikuja. Yaani Shangazi, wa mtaa wa pili. Hawasemezani tangu walipogombania jumba hili. Nikasema hapana. Akauliza kama habari zilimfikia. Nikasema zilimfikia, seremala ni mpangaji wake. Akasema basi, hata kufa hakujatosha. Akaenda kulala na viatu. Najuta kuazima kamera, najuta kuzaliwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwomba radhi. Kasema yamekwisha, mwanangu. Hayajaisha, ameketi barazani anatazama njia. Nikatoka mbio kwa Shangazi kumweleza ukweli wote.

Kumbe tangu Jumanne amejifungia ndani, hataki kuona mtu. Akafungua mlango, macho yamevimba. Akasema aliona haya kuja, angemwambia nini kaka yake aliyelala pale wakati akiwa hai alimnunia? Nikalia naye, kwa kweli. Neno la kumwambia lilikuwa moja tu: yu hai.

Lakini uso ule! Hakuna mwigizaji mwenye uso kama ule.

Nimemwambia maziko ni kesho saa kumi jioni, mwanga ukiwa mzuri. Nikamsihi asinawe uso.