Fyuzi Zisizoungua Zipigwe Marufuku

Kwa Ndugu Mhariri,
Sauti ya Kusini, Milwaukee.

Baada ya salamu, naomba nafasi gazetini. Kuna fyuzi mpya zimeingia mjini, ziitwazo fyuzi za kuchelewa. Naiomba serikali izipige marufuku kabla hazijatumaliza.

Mimi ni Kazimir Kolasa, fundi viatu mstaafu, mgane, nakaa ghorofa ya juu. Chini anakaa Bi. Tekla Rudzik, naye mjane. Zamani kila Jumatatu akiwasha mashine ya kufulia, fyuzi iliungua palepale, naye hupaza sauti ngazini: “Bwana Kolasa! Giza tena huku!” Nashuka na tochi, nafungua iliyoungua, nafunga nyingine. Kisha kahawa, na keki yake ya jibini. Nchi ilikuwa na amani.

Sasa Bwana Teske wa duka la vifaa amemuuzia fyuzi hizi. Nilipomwendea kwa hasira alinijibu, “Mzee, mota ikianza huvuta umeme mwingi kwa kitambo tu. Fyuzi hii huvumilia. Ikizidi kwelikweli, itaungua.”

Malalamiko yangu:

1. Kazi ya fyuzi ni kuungua. Askari akimkuta mwizi dirishani, je, asubiri kwanza aone kama atatoka mwenyewe?

2. Zimeingia hadi kanisani. Zamani kinanda cha umeme na jiko la supu ya baada ya misa vikiwashwa pamoja, giza, tunarudi nyumbani. Siku hizi Padri Gostomski anahubiri mpaka magoti yanakufa ganzi. Mungu alikuwa na njia yake ya kutuhurumia, Teske kaiziba.

3. Wagane tunaangamia. Jumatatu nakaa ngazini na tochi yangu, naisikia mashine ile ikifua mpaka soksi ya mwisho, bila haya. Suruali zinanivuka kwa kukosa keki.

4. La nne sina, ila hasira ninazo.

Nasubiri hatua kali. Wasalimie wote ofisini, na mkeo, na yule karani wako mwenye kikohozi.

Wako katika giza lililokataa kuja,
Kazimir Kolasa

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, Bi. Tekla kapanda mwenyewe, mikono ina povu.

“Wewe Kazimir, mbona hushuki siku hizi? Nimekukosea nini?”

Nikamwambia fyuzi haziungui.

Akanitazama kama mtu anayetazama kiatu kisicho na soli. “Kwani keki nilikuwa naiokea fyuzi? Nilizinunua hizo ili unywe kahawa ikiwa moto, mjinga wewe, badala ya kuhangaika na tochi!”

Kwa hiyo Ndugu Mhariri, fyuzi hizi ni nzuri sana, na Teske ni muungwana. Barua hii usiichape. Nimeituma tu kwa sababu stempu nilikuwa nimeshailamba.