Godoro la Makomamanga

Jumatatu, 15 Mei

Binti yangu Oydin kaja na fomu. Ufadhili wa shahada ya pili, ng'ambo, kwa viongozi wa kesho wa utumishi wa umma. Jina refu kuliko mtaa wetu. Mwisho wa kuomba ni Jumapili, na kwa umri wake mwakani hawamtaki tena. Baba yake, Tursunboy, katamka mbele ya buli la chai: mtoto akikosa, washenga wa yule mfuga nyuki wajibiwe ndiyo. Mfuga nyuki! Mwanangu anaogopa hata nzi.

Swali moja limemkwamisha. Aeleze alivyowahi kuongoza watu kutatua tatizo la umma. Kalitazama mpaka pilau ikapoa. Nikamwambia aandike kwamba ananiongoza mimi. Kasema, mama, wewe huongozeki.

Jirani yangu Muyassar kapita kuazima ungo. Mwanawe Saidakbar naye anaomba. Suti imeshashonwa. Muyassar anamwonea Oydin huruma, eti uongozi uko kwenye damu. Damu! Babu yao alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, na pamba iliibwa.

Jumanne, 16 Mei

Nimezunguka mtaa kutafuta tatizo. Hakuna! Bomba la gesi zima. Daraja zima. Watu hawa hawana msaada kabisa. Mwenyekiti wa mtaa kanikuta natikisa nguzo ya umeme, akauliza kama naumwa. Nikasema naipima.

Lakini mfereji upo. Unapita mlangoni kwa kila mtu. Maji yakisimama lazima iitwe hashar, mtaa mzima utoke na majembe, na hashar haiendi bila mtu wa mbele. Mimi shule niliiacha darasa la saba. Kwa hili sihitaji mwalimu.

Alhamisi, 18 Mei

Alfajiri nimelisokomeza godoro langu la zamani la kukalishia wageni chini ya daraja. Likakaa kama limezaliwa hapo. Nikarudi mbio kumwamsha kiongozi. Kitanda kitupu! Kumbe kapanda basi la kwanza kwenda Margilan kufuata vyeti vyake.

Maji hayakumsubiri. Yalitazama kushoto, yakatazama kulia, yakachagua kwa Muyassar. Miche yake ya pilipili ikaondoka kwa heshima, mmoja mmoja. Saidakbar katoka, suruali ya suti kaikunja magotini, akaita hashar kwa sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi. Watu wakajaa. Mimi nami nikapewa jembe. Nimechimba kwa unafiki mkubwa.

Likatolewa. Hariri nyekundu, makomamanga yametariziwa. Godoro nililokuja nalo siku ya harusi. Hakuna makalio mtaani ambayo hayajawahi kulikalia. Muyassar kalikamua, kalianika ukutani kwake, upande wa barabara. Saidakbar kapigwa picha nalo, kalinyanyua kama samaki mkubwa.

Ijumaa, 19 Mei

Nimesema ni wezi. Muyassar kauliza, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Hosiyat, shoga yangu, mwizi gani anaiba godoro halafu analiogesha?"

Oydin kanikazia macho. Nikamwambia nilikuwa naliloweka tu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kachukua jembe, kaenda kuzoa tope kwa Muyassar, kampelekea miche yetu ya pilipili, yote, kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuniombea radhi. Nikamkimbilia barabarani na ndara za ndani: fomu, mwanangu, fomu! Achana na pilipili za watu! Kasema nirudi ndani, nawatisha kuku.

Jumamosi, 20 Mei

Balaa. Nyumba za mwisho wa mtaa zilipoombwa radhi zilishangaa. Mfereji umeziba? Kwani uliwahi kuzibuka? Kumbe kila kiangazi maji hayawafikii. Sisi wa juu tunayamaliza kwenye bustani zetu.

Oydin kawaita wote uani kwetu, wa juu na wa chini. Wamegombana mchana kutwa. Wamekunywa chai yangu yote na kula sambusa ambazo sikuwapikia. Jioni wamekubaliana maji yaende kwa zamu. Zamu yetu ni Jumanne. Jumanne tu! Vitunguu vyangu! Mtoto niliyemnyonyesha kaninyang'anya maji, na fomu bado nyeupe.

Jumapili, 21 Mei

Fomu imekwenda. Kaijaza haraka haraka, anatabasamu peke yake. Kaandika nini, sijui. Nimemfukizia majani ya isirik ili kuondoa husuda. Kakohoa mpaka machozi. Dalili njema.

Jumatatu, 5 Juni

Kaitwa Tashkent kwenye usaili! Saidakbar pia, suti imepigwa pasi. Kabla Oydin hajavuka kizingiti nimemng'atisha mkate, na mkate wenyewe nimeutundika ukutani aje aumalizie akirudi. Tursunboy kautazama, akauliza kama jamu ipo. Nimekaa chini yake mchana kutwa kuulinda.

Ijumaa, 9 Juni

Kapata! Kapata! Nimelia ndani ya unga. Tursunboy kaenda mwenyewe kuwaambia washenga wakatafute kwingine. Karudi na asali, sijui kwa kazi gani.

Oydin kaumaliza mkate wake, mgumu kama tofali, huku anasimulia. Wasaili walitaka kujua nani aliziba mfereji. Kawajibu: mtu anayenipenda sana na asiye na subira. Wakacheka. Saidakbar yeye aliwaonyesha picha. Wakamuuliza siku hizi maji yanafika wapi. Hakujua.

Oydin kanisihi, kanishika mikono yote miwili: mama, ni zile zamu, si godoro. Nikaitikia sawa, sawa. Mtoto anaona aibu kunishukuru waziwazi.

Baadaye Muyassar kaja na sahani ya sambusa, kajitahidi kutabasamu, macho mekundu. Roho imeniuma. Mama ni mama. Nikamkalisha, nikammiminia chai, nikamnong'oneza asilie. Saidakbar bado mdogo, mwakani ataomba tena. Na mimi nina godoro la pili.

Kafuta machozi. Kauliza, ni nene?