Meli Nne Zilizopigana Bila Halwa

Kwa Mzamil, mpwa wangu, mtafsiri wa kanuni na mwamuzi wa simu,

Assalamu alaikum. Mchezo wa vita wa mezani uliotutumia kutoka Ulaya ulifika Kismayo salama. Mimi na mama yako tumebandika majina ya visiwa vyetu ubaoni, na tumekubaliana kwamba mshindi ndiye atakayekipa jina chombo kipya cha familia, ambacho kimekwisha kuundwa na kimekaa kisiwani Koyama juu ya magogo. Nimeshindwa kila siku. Kwa hiyo nalalamika.

1. Kanuni zako zinaruhusu manowari kwenda nyumba mbili za ubao upande wowote. Mama yako amepita kati ya visiwa vya Chovae na Chula maji yakiwa yametoka, mahali ambapo hata mtumbwi hukwama. Nilipomuuliza nahodha wake ni nani, alirusha dadu.

2. Ndege zake ziliziua manowari zangu tatu ufukweni. Nilikuwa nimezipandisha zipakwe mafuta ya papa. Chombo kilicho nchi kavu hakiwezi kuzama, na nilimweleza hivyo kwa adabu. Alijibu kwamba kama ziko nchi kavu atazipiga kama nyumba, kisha akaongeza, mbele ya majirani, "Mchu mzima unalilia vibao!" Mimi, mtu mzima, eti nalilia vibao.

3. Hili ndilo kubwa. Kwenu huko meli hununuliwa na kupigana zamu hiyo hiyo. Kwetu chombo kipya hakitii ubavu majini kabla hakijashuliwa, yaani kushushwa kwa sherehe: watu waalikwe, dua iombwe, halwa iliwe. Meli nne za mama yako zimeingia vitani bila hata sahani moja. Kisheria, basi, hazijafika baharini. Na kilichozamishwa na meli isiyokuwepo hakijazama. Naomba vyombo vyangu virudishwe juu, pamoja na mabaharia, wakiwa wakavu.

4. Mama yako anataka chombo kiitwe Mzamil. Mimi nataka Salama. Mwamuzi ni Mzamil. Nakuomba ujiuzulu mara moja, baada ya kunipa ushindi.

Nisalimie Fathiya na watoto, na yule jirani yako ambaye hupita nyuma yako kwenye simu akitupungia mkono bila kutujua.

Mjomba wako katika haki,
Shuaibu

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, mama yako ameleta halwa. Nimekula, nikaomba sahani ya pili, na kwa mazoea nikainua mikono nikawaombea dua wenye chombo. Ndipo alipoziweka zile meli nne mbele yangu, moja moja, akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hoja yangu ya tatu zimeshuliwa kihalali, na dua nimeomba mwenyewe. Chombo kinashuka Ijumaa. Ubao wa jina niliouchonga kwa ajili ya Salama ni wa herufi sita. Nimehesabu jina lako, linaenea.