Nafasi Yangu katika Kitabu cha Hamsini na Nne

Jumatatu, 4 Oktoba 1926
Bi Odessa Prewitt katangaza dukani: kitabu cha hamsini na nne ndicho cha mwisho. Macho yamechoka. Vitabu hamsini na vitatu, vyote kaviandika juu ya bonde letu, na kila mtu wa hapa yumo isipokuwa mimi, Lemuel Tuttle! Jirani yangu Harlan Stubbs yumo mara tatu. Mara ya tatu alikuwa mwizi wa farasi, na bado anajigamba. Nikifa bila kuingia humo, nani atajua niliwahi kuishi? Jumapili atatusomea sura ya mwisho kwenye nyasi za kanisa, kama kawaida yake. Nina siku sita.

Jumanne, 5 Oktoba
Bi Odessa huandika asubuhi dirishani, akitazama mto. Basi nikaenda mtoni, nimevaa koti la marehemu mjomba, aliyekuwa nahodha. Ukungu mzito. Majani mekundu yalishuka polepole juu ya maji, moja, kisha jingine, mpaka nikasahau nilichofuata. Niliota nimesimama hadi jua likapanda. Kumbe pazia la dirisha lake lilikuwa limefungwa.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimeingia majini hadi magotini, nionekane vizuri. Harlan akapita na nyumbu wake, akauliza kama nimedondosha meno. Nikamwambia natafakari. Akasema basi nikatafakari kule chini, nyumbu wake anataka maji safi. Mshenzi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Mafua. Hata hivyo nimempelekea Bi Odessa pai ya maboga na kumsimulia maisha yangu, nikitia chumvi kidogo: dubu wawili. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akauliza taratibu, kila asubuhi natazama nini pale mtoni. Nikasema, dirisha lako. Akaandika kitu. Dubu, bila shaka!

Jumapili, 10 Oktoba
Amesoma. Hakuna dubu hata mmoja. Ni habari za mzee mpweke anayesimama mtoni kwenye ukungu, koti si lake, akitazama dirisha la mtu na kungoja aonekane. Mwishoni dirisha linafunguliwa, mwanamke anampungia mkono. Watu wote wakanigeukia. Mke wa mchungaji alikuwa analia. Harlan akavua kofia, akaniambia, "Lem, kesho njoo ule kwetu bwana. Mke wangu kasema usikatae."

Sijui wamepatwa na nini. Nilimhurumia sana yule mzee, karibu nilie na mimi, lakini tunafanana wapi? Koti lake lina vifungo vitano. Langu lilikuwa na sita, kabla kimoja hakijaanguka mtoni Jumatano.

Bi Odessa alipoondoka alinipungia mkono. Nadhani alikuwa anafukuza nzi.

Harlan nimemwambia sitaweza. Huenda Bi Odessa akaandika cha hamsini na tano. Kesho naingia hadi kifuani.