Nilivyojijibu Gazetini

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tisa tangu shairi langu litoke gazetini. Hakuna aliyelijibu. Beti nane, vina havina doa, lakabu ya heshima: Johari ya Lugha. Kimya. Kwenye ukurasa wa mashairi, mtu asipojibiwa ni kama hajazaliwa. Hata yule mzee tunayemwita Mpinzani, ambaye mwezi jana alipinga shairi la kusifu maji safi, amenipita kama hanioni.

Jambo lenyewe si dogo. Mhariri wa ukurasa huo ndiye anayefundisha darasa la utunzi chuoni, na kila Machi humwandikia barua kijana mmoja wa ukurasani kumpa nafasi. Mmoja tu. Nisipoipata kufikia tarehe kumi na saba, naanza kazi kwenye duka la vigae la shemeji. Naishi kwake na dada, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Aliniambia bila ubaya wowote. Aproni ameshanunua. Ya kijani. Imetundikwa msumarini mbele ya kitanda changu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Nitajijibu mwenyewe. Mshairi akitukanwa, watu humtafuta wajue katukanwa kwa lipi. Mtukanaji nimempa lakabu ya Mwiba. Anwani yake ni sanduku la posta la saluni ya dada, kwa kuwa barua huchukua mimi. Mwiba ameanza hivi:

Beti nane nimesoma, njaa yangu iko pale,
Sufuria yanguruma, ndani hamna mchele.

Nusu saa, kwisha. Langu lilinichukua wiki sita. Ndiyo tofauti ya sanaa na matusi. Nimeitumbukiza bahasha kwenye sanduku la barua getini pa gazeti, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi
Limetoka. Juu kabisa, ndani ya boksi! Dada amewasomea wateja saluni. Aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa asikie vizuri. Wamecheka mpaka dada akaangusha kitana. Kisha akakumbuka kuwa Johari ni mimi, akanipa pole, akasema nisijali, ila huyo Mwiba ameniweza. Nikamwambia Mwiba hajui fani. Akasema labda, lakini anaeleweka.

Mhariri ameandika chini yake: Mwiba atuletee jingine. Sawa. Ugomvi wa mtu mmoja haunogi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepeleka bahasha mbili. Johari amejibu kwa beti kumi zenye maneno manne ya kale kutoka kwenye kamusi. Moja, nimegundua nikiwa njiani kurudi, ni mtego wa samaki. Haidhuru, kina chake kizuri.

La Mwiba nililimaliza saluni, nikimsubiri dada amalize kusuka. Sikuwa na la kuandika, basi nikaandika juu ya aproni: kwamba kila asubuhi inaniangalia kabla sijaangalia kitu kingine, na shingo yake imeshapata kipimo changu. Beti tatu. Za kujazia nafasi tu.

Jumatano, 12 Machi
Aproni imechapishwa. Beti kumi zimeachwa. Mpinzani ameandika kukubaliana na mtu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Dada alisoma kimya, machozi yakamlengalenga. Akainuka, akaenda chumbani kwangu kuutazama msumari, akarudi akaniuliza kama namfahamu huyu Mwiba. Nikasema watu wengi wana aproni.

Imeniuma. Naisema wazi, nimemwonea wivu. Kijana hana hata siku kumi duniani, hana hata lakabu ya heshima, na anapendwa nyumbani kwetu kuliko mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemuua. Homa, ghafla, hakuteseka. Barua ya msiba nimeitia sahihi ya "jirani wa marehemu", na nimeeleza kwamba kabla ya kukata roho alikiri kuwa Johari ndiye bingwa. Sasa njia nyeupe.

Jumamosi, 15 Machi
Jana gazeti lilitangaza msiba, na leo ukurasa mzima umezungushiwa mstari mweusi. Tanzia kumi na moja. Ya Mhariri mwenyewe ina beti tano; anasema alikuwa na mipango na kijana huyo. Kile kifungu cha kukiri kilikatwa. Johari naye alipeleka tanzia jana. Chini kabisa pameandikwa kwamba wengine wawe radhi, nafasi imejaa. Dada amefunga saluni saa nzima kabla ya wakati.

Nimelia kidogo. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Jumatatu, 17 Machi
Leo dada amekwenda posta mwenyewe. Amerudi na barua aliyoandikiwa Mwiba, ya tarehe kumi na mbili. Mhariri anampa nafasi. Darasa linaanza leo, aje na jina lake halisi. Dada hakunigombeza. Alinipigia shati pasi, akaniambia, mdogo wangu, nenda kaseme ukweli, mara hii moja tu.

Nilikwenda mbio. Mhariri ni mtu mpole, macho yalikuwa mekundu. Alisema mimi ni wa nne tangu asubuhi kudai ni Mwiba. Nikamwonyesha barua. Akasema barua ya marehemu inaweza kuwa mikononi mwa yeyote, hata jirani. Kisha akanisogezea karatasi na kalamu: niandike ubeti mmoja, hapo hapo, juu ya chochote. Kama ni Mwiba, atamjua.

Ubeti mmoja kwa nafasi ya maisha. Singeweza kumpa mtu wa hadhi ile vitu vya nusu saa. Nikampa Johari kamili, maneno manne ya kale yote ndani. Alisoma mara mbili. Akaniuliza mtego wa samaki umeingiaje humo. Halafu akanifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa adabu sana.

Jumanne, 18 Machi
Aproni inanikaa barabara. Shemeji ameniweka upande wa vigae vya bafuni. Wakati wa mapumziko nilikaa juu ya boksi, nikafikiri kwa utulivu, kosa nikaliona: nilimuua Mwiba bila kumwachia mrithi. Kumbe marehemu alikuwa na mdogo wake. Hakuna aliyelijua hilo, hata mimi, hadi leo saa nne. Ni kijana msomi kumshinda kaka yake. Kesho anamwandikia Mhariri, beti kumi na mbili. Nimeshamtafutia maneno sita ya kale.